Turudishieni Usiku: Barua ya Wazi kuhusu Kengele ya Saa Kumi Alfajiri

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, wakurugenzi wa elimu wa kaunti, bodi za usimamizi na walimu wakuu wa shule za bweni nchini Kenya.

Kwa heshima zote,

Tunawaandikia kuhusu muda ulio kati ya saa kumi alfajiri na saa kumi na mbili asubuhi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema muda huo ni wa kulala. Masomo ya darasani, kwa mujibu wa kanuni hizo, huanza saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Hufuata michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na moja kasorobo, kisha muda wa mwanafunzi mwenyewe hadi saa moja na nusu usiku. Prepu, yaani muda wa kujisomea, ni hadi saa tatu na nusu. Baada ya hapo ni kitandani hadi saa kumi na mbili. Jumla ni saa 8 na nusu za kupumzika.

Ratiba hiyo ni nzuri, na aliyeiandika aliwajua watoto. Lakini katika shule nyingi imebaki kwenye faili. Kengele hulia saa kumi, na kabla ya saa kumi na moja madarasa yamejaa. Usiku prepu huvutwa hadi saa nne na zaidi, na taa za bweni zikizimwa mapema ni saa tano kasorobo. Toa dakika 15 za kutafuta usingizi, na mtoto wa miaka 16 amelala kwa muda wa saa 5 tu. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipoweka viwango vyao mwaka 2016, walisema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila siku, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anakosa angalau saa 3 kila usiku. Kwa siku 5 za juma, hizo ni saa 15, karibu sawa na usiku mbili nzima za kulala.

Tunajua shinikizo linatoka wapi. Mzazi akija siku ya zawadi huuliza alama ya wastani, haulizi watoto hulala saa ngapi. Shule jirani ikiamka saa kumi na moja, ya kwetu huamka saa kumi ili isionekane imelegea. Tumelelewa pia kwa methali zinazosifu jasho na uvumilivu, kiasi kwamba anayelala anaitwa mvivu kabla hajahukumiwa kwa kazi yake. Hatumlaumu mwalimu mkuu yeyote. Mashindano haya hayawezi kumalizwa na shule moja peke yake, ndiyo maana tunawaandikia ninyi.

Usingizi huja kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mizunguko ya mwanzo wa usiku imejaa usingizi mzito, na ile ya kuelekea alfajiri imejaa usingizi wa ndoto. Ubongo unahitaji aina zote mbili ili kuyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana. Ndiyo sababu kengele ya saa kumi haipunguzi kidogo huku na kidogo kule. Kwa mtoto aliyelala saa tano usiku, inakata kipande kimoja, kile cha mwisho, na pamoja nacho sehemu kubwa ya usingizi wa ndoto. Yale aliyoyasoma kwenye prepu ya usiku tunayavuruga sisi wenyewe kwa kumwamsha akasome tena.

Kuna jambo lingine ambalo walimu wengi huliona na kulitafsiri vibaya. Kijana akibalehe, saa yake ya mwili husogea mbele. Homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kutoka kwa hadi saa 2 ikilinganishwa na utotoni. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya Tiba walipewa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya seli zenyewe. Mwanafunzi wa sekondari ambaye saa tatu usiku yuko macho makavu hafanyi ukaidi. Mwili wake unamwambia bado ni jioni. Na saa kumi alfajiri mwili huohuo unamwambia ni usiku wa manane, kwa sababu ndivyo ulivyo: Nairobi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 45 hivi, mwaka mzima.

Tunaambiwa wanafunzi huzoea. Hawazoei. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulifuatilia watu wazima wenye afya waliolala kwa muda wa saa 6 kila usiku kwa siku 14 mfululizo. Mwisho wake umakini wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha hadi usiku mbili kamili, ilhali wenyewe waliona ni uchovu mdogo tu. Hapo ndipo ilipo hatari. Anayenyimwa usingizi hupoteza pia uwezo wa kujua kiasi alichopungukiwa. Akikuambia "nimezoea, mwalimu," anasema kweli kama anavyoiona yeye.

Anayetaka ushahidi hahitaji maabara. Akusanye madaftari ya masomo ya alfajiri, yale yaliyoandikwa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, na ayaweke mezani karibu na yale ya saa tatu asubuhi. Kwenye ya alfajiri ataona sentensi inaanza vizuri, herufi zinaanza kulala, neno linakatika katikati, kisha mstari wa kalamu unateleza kutoka kwenye herufi ya mwisho hadi ukingoni mwa ukurasa. Hapo mtoto alisinzia kwa sekunde chache huku kalamu ingali mkononi. Chini yake sentensi ileile huanza upya. Tukihesabu mistari hiyo kwenye daftari moja kwa wiki moja, tutajua prepu ya alfajiri inazalisha nini. Dalili nyingine iko bwenini: mtoto anayelala ndani ya dakika 1 au 2 baada ya kichwa kugusa mto ana deni kubwa la usingizi. Aliyepumzika vya kutosha huchukua dakika 10 hadi 20.

Sasa tuseme jambo ambalo halisemwi kwenye mikutano. Katika shule nyingi kengele ya saa kumi haikuletwa na masomo. Ililetwa na foleni ya maji.

Chukua bweni lenye wanafunzi 300 na mifereji 10. Mfereji unaotoa lita 6 kwa dakika hujaza ndoo ya lita 10 kwa sekunde 100, na kubadilishana ndoo huchukua sekunde 20 nyingine, kwa hiyo kila mtoto anahitaji dakika 2. Wanafunzi 30 kwa kila mfereji ni muda wa saa 1 nzima. Ikiwa tangi liko chini na presha ni ndogo, maji yakatoka nusu ya kiasi hicho, foleni inachukua karibu muda wa saa 2. Ongeza jikoni: wanafunzi 600 wakipita dirisha moja, sekunde 8 kwa kila kikombe cha uji, ni dakika 80. Mwalimu mkuu anayetaka wote wawe wameoga na kunywa uji kabla ya saa mbili hana pa kupata muda huo isipokuwa kuuchukua kwenye usingizi. Prepu ya alfajiri huja baadaye, kuwapa kazi wale waliokwisha kuoga.

Tatizo la foleni hutatuliwa kwa mafundi. Njia ya kwanza haigharimu chochote: kuoga kuhamishiwe jioni, kati ya saa kumi na moja kasorobo na saa moja na nusu, muda ambao kanuni zimemwachia mwanafunzi. Watoto wametoka uwanjani wakiwa na jasho na vumbi, jua bado lipo, na nyanda za juu kama Nyandarua na Kericho maji ya saa kumi na moja jioni hayaumi kama ya saa kumi alfajiri. Asubuhi inabaki uso, meno na kwapa, lita 2 kwa mtoto, na ndoo zijazwe jioni na kufunikwa. Wasichana walio kwenye hedhi wapewe nafasi ya kuoga asubuhi bila kuomba ruhusa kwa mtu. Njia ya pili ni kuongeza mifereji. Bomba moja refu lililotobolewa na kufungwa mifereji 10 zaidi juu ya karo la saruji ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache, na hugharimu kidogo kuliko lango jipya. Tangi lipandishwe mita 3 juu ya mifereji, presha itatosha. Jikoni, madirisha 3 hugeuza dakika 80 kuwa 27.

Baada ya hapo, ratiba inajipanga. Kengele saa kumi na mbili, kitanda, uso na usafi wa mazingira hadi saa moja kasorobo, uji hadi saa moja na robo, paredi na maandalizi, somo la kwanza saa mbili. Vipindi 8 vya dakika 40 ni dakika 320. Kati ya saa mbili na saa tisa na nusu kuna dakika 450. Zinabaki dakika 130 za mapumziko na chakula cha mchana, zinatosha kabisa. Hata vipindi 9 vinaingia. Hakuna silabasi inayohitaji alfajiri.

Katika dakika hizo 130, tengeni 20 baada ya chakula cha mchana za kulaza kichwa juu ya deski, darasa likiwa kimya. Zisizidi 20, kwa sababu zikizidi mtoto huingia usingizi mzito na kuamka akiwa mzito kuliko alivyolala. Na zisitumiwe kuhalalisha kengele ya saa kumi, maana haziwezi kulipa deni la usiku.

Upande wa teknolojia, shule nyingi zimeweka nguvu zote kwenye kupiga msako wa simu na kusahau taa zilizo juu ya vichwa. Jicho lina seli maalumu ambazo hazitumiki kuona maumbo. Kazi yake ni kuujulisha ubongo kama ni mchana au usiku, nazo huathiriwa zaidi na mwanga wa samawati. Taa nyingi za LED zinazonunuliwa kwa jumla zimeandikwa 6500K kwenye boksi, yaani mwanga mweupe unaoelekea samawati. Ni taa nzuri kwa darasa la prepu, maana huko watoto wanasoma. Bwenini si mahali pake. Huko fungeni za 2700K au 3000K, zile zenye mwanga wa njano. Ziwe chache, na nusu yake zizimwe nusu saa kabla ya kulala. Karibu na milango na vyoo wekeni taa ndogo za chini, usawa wa goti, ziwake usiku kucha, ili mtoto aione njia na milango ya dharura ionekane. Taa kubwa ya ulinzi inayopenya dirishani igeuziwe ukutani au ikingwe kwa bati. Tumeona vitanda ambavyo wanafunzi wamevihama kwa sababu ya taa kama hiyo, wakalala wawili kitanda kimoja.

Simu nazo zipo, hata pale zilipokatazwa. Mwanga wa kioo chake ni sehemu ndogo tu ya madhara. Kikubwa ni kile kinachoonekana ndani: video inayofuatwa na nyingine bila kuombwa, mazungumzo yasiyo na mwisho, kamari ya mechi ya Ulaya inayoanza saa nne au saa tano usiku. Mtoto hafumbi macho kwa sababu daima kuna kingine kinakuja. Na kwa kuwa simu ni ya magendo, huchajiwa kwa nyaya zilizounganishwa kwenye soketi ya taa na kufichwa chini ya godoro la sponji, pahali ambapo betri haipati hewa na hupata moto. Adhabu pekee huzidi kuisukuma ndani ya godoro. Kinachofanya kazi ni kumpa mwanafunzi njia halali ya kuongea na nyumbani: simu 2 au 3 za vitufe ofisini, zamu za dakika 5 zinazojulikana kwa kila darasa, Jumamosi na Jumapili. Ukiondoa hitaji la kumsikia mama, wanaobaki na simu za magendo ni wachache, na hao ndio wa kuketi nao.

Vishikwambi na maabara za kompyuta vina nafasi yake, mchana. Prepu inayotumia kioo iishe muda wa saa 1 kabla ya kulala, na dakika hizo za mwisho ziwe za kitabu cha karatasi.

Chai kali na vinywaji vya kuongeza nguvu vinahitaji maneno machache. Kopo la mililita 250 huwa na takriban miligramu 80 za kafeini, na baada ya saa 5 hivi nusu yake ingali mwilini. Aliyelinywa saa mbili usiku ili akeshe, saa saba usiku bado ana miligramu 40 zinazofanya kazi. Kantini isiviuze kabisa, na chai ya jioni iwe nyepesi. Na yule anayetumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili asome zaidi asisifiwe mbele ya wenzake kama mfano.

Tusisahau kunguni. Hakuna ratiba itakayomlaza mtoto anayejikuna hadi saa nane usiku. Kunguni hujificha kwenye mishono ya godoro na viungio vya vitanda vya chuma, hutoka gizani, na mayai yake hayafi kwa kila dawa. Ndiyo maana kupulizia mara moja siku ya kufungua shule hakufui dafu. Puliza, kisha rudia baada ya siku 10 hadi 14, mayai yaliyobaki yakishaanguliwa. Viungio vya vitanda vimwagiwe maji yanayochemka. Mashuka na blanketi zifuliwe kwa maji moto kisha zianikwe, maana jua peke yake halitoshi. Masanduku ya wanafunzi yakaguliwe siku ya kuripoti kabla hayajaingia bwenini.

Shule za kutwa zina jambo lao. Mtoto wa miaka 8 jijini Nairobi anayechukuliwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri kwa sababu yuko wa kwanza kwenye njia hawezi kupata saa 9 za usingizi, hata alale saa tatu. Basi libadilishe mwelekeo kila muhula ili mzigo usimkalie mtoto mmoja mwaka mzima, na mabasi mawili madogo yatumike badala ya moja kubwa linalozunguka mitaa 6. Walimu nao waache kutuma kazi ya ziada kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku. Ikipita saa kumi na moja jioni, isubiri kesho.

Pingamizi tunalolisikia zaidi ni kwamba mtoto akijua ataamka saa kumi na mbili, atachelewa zaidi kulala. Jiji la Seattle lilipojaribu jambo la namna hiyo mwaka 2016, likasogeza mwanzo wa masomo ya sekondari kutoka saa mbili kasoro dakika 10 hadi saa tatu kasorobo asubuhi, watafiti waliwafunga wanafunzi vifaa vya kupimia usingizi mkononi. Usingizi uliongezeka kwa dakika 34 kila siku ya masomo. Saa ya kulala haikusogea kwa maana yoyote. Jimbo la California likaifanya sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika 2022: sekondari za juu zisianze kabla ya saa mbili na nusu. Sisi hatuombi hata hiyo saa mbili na nusu. Tunaomba saa mbili, ambayo tayari imo kwenye kanuni zetu.

Kinachohitajika kutoka kwenu, Mheshimiwa Waziri, ni usimamizi. Maafisa wa kudhibiti ubora na viwango hufika shuleni saa tatu asubuhi, hukagua maazimio ya kazi na rejista, kisha huondoka. Kwa ziara hizo hawataiona kengele kamwe. Wafike saa kumi na nusu alfajiri, bila taarifa, shule chache katika kila kaunti kila muhula, waandike kama madarasa yana watu. Wakurugenzi wa kaunti wazitangazie shule zote siku moja kwamba ratiba ya kanuni inaanza pamoja, ili asiwepo anayehofia jirani. Bodi ziweke mifereji na madirisha ya jikoni kwenye bajeti kabla ya basi jipya.

Kwa mwalimu mkuu anayetaka kujaribu bila kungoja waraka, muhula mmoja unatosha. Wiki 2 kabla, matroni au patroni apite bwenini na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, saa nne na nusu na saa tano na nusu usiku, ahesabu walio macho, aandike kwenye daftari. Aandike pia saa halisi ya kengele, na muuguzi ahesabu wanaokuja na maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Mwalimu wa kila somo la saa nane mchana ahesabu vichwa vilivyo chini. Kisha badilisha ratiba yote kwa mkupuo, maana kusogeza kengele dakika 15 huku prepu ikibaki palepale hakutaonyesha kitu. Wiki 2 za kwanza msitegemee tofauti darasani, watoto watakuwa wanalipa deni. Kuanzia wiki ya 4 hesabuni tena vilevile, na mwisho wa muhula linganisheni alama za majaribio. Wikendi kengele isizidi saa moja asubuhi, kwa sababu akilala hadi saa nne Jumapili, usiku wake hatapata usingizi na Jumatatu inaanza vibaya.

Walimu wa zamu nao wahesabiwe. Anayefunga bweni saa tano usiku asiwe ndiye anayefungua darasa asubuhi inayofuata.

Na siku ya kufungua shule, kila bweni libandikwe karatasi moja mlangoni, upande wa nje, usawa wa macho ya mzazi aliyeleta sanduku: saa ya kulala, saa ya kuamka, saa ya kuoga, sahihi ya mwalimu mkuu na tarehe.

Wenu katika kazi,
Walimu wa zamu, matroni, patroni na wauguzi wa shule za bweni